Lugha Iliyozaliwa Jikoni

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini mmekwisha kaa mahali penu, taa inawaka, na kila mmoja ana kitabu chake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa tafadhali aandike ubaoni maneno manne yafuatayo, nasi tuyasome pamoja kabla ya kuanza.

Mlowezi: mtu aliyehamia nchi ya watu wengine akaifanya makao yake.
Mkalimani: mtu anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine, ili watu wasikilizane.
Lugha rasmi: lugha ambayo serikali huitumia katika sheria, ofisi na shule zake.
Ubaguzi: kuwatenga watu na kuwanyima haki kwa sababu ya rangi, kabila au dini yao.

Maneno hayo yote utayakuta katika somo la leo. Ukisahau maana ya moja, rudi hapa juu ukasome tena.

Leo nataka kukueleza habari za lugha moja ya Afrika ya Kusini. Wenyewe huiita Afrikaans. Sisi tutaiita Kiafrikana. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wamezoea kuiita Kikaburu. Wazee wa Arusha na wa Eldoret wanawakumbuka Makaburu, maana mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao walihama kutoka kusini wakaja kulima katika nchi hizo, na wengi wao waliondoka wakati wa uhuru.

Huenda wewe unafikiri hivi: Kikaburu ni lugha ya wazungu, ililetwa na wazungu, nayo ni lugha ya ubaguzi. Katika maneno hayo mna kweli na mna isiyo kweli, vimechanganyika kama mchele na pumba. Basi leo tutashika ungo na kupepeta.

Merikebu zafika Rasi

Tarehe 6 Aprili, 1652, Mholanzi mmoja jina lake Jan van Riebeeck alitia nanga chini ya mlima ulio karibu na Rasi ya Tumaini Jema, mahali ambapo leo pana mji wa Cape Town. Alikuwa mtumishi wa kampuni kubwa ya biashara ya Waholanzi. Kampuni hiyo ilinunua pilipili, karafuu na vikolezo vingine katika visiwa ambavyo leo huitwa Indonesia. Safari ya kutoka Uholanzi ilichukua miezi mingi, na mabaharia waliugua na kufa kwa kukosa mboga na matunda. Kwa hiyo kampuni ilitaka bustani, maji na nyama katikati ya njia. Haikukusudia kuanzisha taifa jipya, wala lugha mpya.

Nchi ile haikuwa tupu. Wakhoi walikuwako tangu zamani na ng'ombe zao na kondoo zao. Msichana mmoja wa Kikhoi, jina lake Krotoa, alichukuliwa akakaa katika nyumba ya van Riebeeck. Akajifunza Kiholanzi, akawa mkalimani kati ya wageni na watu wake. Waholanzi wakamwita Eva. Tazama basi: tangu mwanzo kabisa Kiholanzi cha Rasi kilikuwa kinasemwa na kinywa cha Mwafrika pia.

Katika mwaka wa 1658 zilifika merikebu zenye watumwa wengi kutoka Angola na kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi. Baadaye watumwa waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi, Sri Lanka na Indonesia. Mpaka biashara hiyo ilipokatazwa mwanzoni mwa karne ya 19, watumwa walioletwa Rasi walikuwa yapata 60,000. Walowezi nao hawakuwa Waholanzi peke yao. Walikuwako Wajerumani wengi, na mwaka wa 1688 walianza kufika Wafaransa waliokimbia nchi yao kwa sababu ya dini.

Sasa fumba macho, ufikiri jiko la nyumba moja ya Rasi katika siku zile. Mpishi ametoka Bengal. Yaya ametoka Madagaska. Mchungaji wa ng'ombe ni Mkhoi. Bwana mwenye nyumba ni Mjerumani, na mkewe ni Mholanzi. Kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini kuni lazima ziletwe, nyama lazima ipikwe, na mtoto lazima abembelezwe. Watasemaje?

Wataisema lugha ya wenye amri, yaani Kiholanzi. Lakini hakuna aliyewapeleka shule kujifunza. Wanaiokota kwa masikio, na wanaisema kwa namna iliyo nyepesi kwao. Mtoto wa bwana anayelelewa na yaya husikia maneno ya yaya mchana kutwa. Basi hukua akisema kama yaya. Siku moja mama yake anamsikia na kushangaa. Hicho si Kiholanzi cha Uholanzi tena.

Lugha yatua mzigo

Nikuonyeshe kwa mifano. Mwalimu aandike ubaoni.

Kwa Kiholanzi mtu husema ik ben, maana yake "mimi ni". Lakini "wewe ni" husema jij bent, na "sisi ni" husema wij zijn. Kila mtu na neno lake. Kiafrikana kimetupa mzigo huo. Husema ek is, jy is, ons is. Neno ni moja tu kwa watu wote.

Tena, Kiafrikana hukanusha mara mbili. Ukitaka kusema "hawezi kusoma", utasema hy kan nie lees nie. Neno nie limetajwa mara mbili, kama mlango uliofungwa kwa komeo na kwa ufunguo.

Na maneno yake je? Mengi sana ni ya Kiholanzi, hilo hatukatai. Lakini sikiliza. Neno lake la kusema "sana" au "nyingi" ni baie. Neno hilo halikutoka Uholanzi. Limetoka katika Kimalei, neno banyak. Ndizi huitwa piesang, na hilo nalo ni la Kimalei. Mahindi huitwa mielies, kutokana na Kireno. Mdudu huitwa gogga, na neno hilo ni la Wakhoi. Kumbeba mtoto mgongoni huitwa abba, na hilo ni la Wakhoi vile vile. Kwa hiyo Kaburu aliyetaka kusema "asante sana" alisema baie dankie: neno moja la mtumwa na neno moja la bwana, yameshikana mkono.

Hata jina lenyewe litazame. Afrikaans ni neno la Kiholanzi, na maana yake ni "-a Kiafrika".

Herufi za chuoni

Sasa nitakuambia jambo ambalo huenda litakushangaza. Watumwa wengi na wafungwa waliotoka Indonesia na Bara Hindi walikuwa Waislamu. Huko Cape Town waalimu wao walifungua vyuo vya kufundisha watoto Korani. Lugha ya nyumbani ya watoto hao ilikuwa Kiafrikana. Kwa hiyo, mapema katika karne ya 19, waalimu hao walianza kukiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili.

Mwaka wa 1862 Sultani wa Uturuki alimtuma mwanachuoni mmoja, Abu Bakr Effendi, aende kuwafundisha Waislamu wa Rasi. Akajifunza lugha yao, akaandika kwa lugha hiyo kitabu cha sheria za dini, chenye herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kilichapwa Istanbul katika mwaka wa 1877. Likumbuke jambo hili, maana baadaye lilisahauliwa kwa makusudi.

Lugha ya kudharauliwa

Waingereza waliitwaa Rasi mara ya kwanza mwaka wa 1795, na mara ya pili mwaka wa 1806. Mwaka wa 1822 gavana wao alitoa amri kwamba Kiingereza ndicho kitakuwa lugha ya pekee ya serikali na mahakama. Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1834, ingawa watumwa walishurutishwa kuwatumikia mabwana zao miaka minne zaidi. Makaburu wengi walichukizwa na mambo ya Waingereza, wakafunga magari yao ya ng'ombe wakahamia bara, wakaanzisha dola zao. Hata katika dola hizo sheria ziliandikwa kwa Kiholanzi, na Biblia ilisomwa kwa Kiholanzi. Kiafrikana kilikuwa cha shambani na nyumbani tu. Wasomi walikiita kombuistaal, yaani "lugha ya jikoni". Walilisema neno hilo kama tusi.

Tarehe 14 Agosti, 1875, wazungu wachache walikutana katika mji mdogo wa Paarl wakaunda chama cha kuitetea lugha hiyo. Kiongozi wao alikuwa mchungaji wa kanisa, S. J. du Toit. Mwezi wa Januari, 1876, walianza kuchapa gazeti lao, Die Afrikaanse Patriot. Walitaka mtoto wa mkulima asome katika lugha anayoisema mama yake, asione haya. Je, wewe unaweza kuwalaumu kwa hilo? Mimi siwezi.

Lakini lilikuwako kosa. Walipoandika habari za lugha yao, waliiita lugha ya taifa lao, yaani la wazungu. Mpishi, yaya, Mkhoi na mwalimu wa chuoni hawakutajwa kuwa ni wazazi wa lugha hiyo. Ilikuwa kama mtu aliyejengewa nyumba na mafundi kumi, halafu akaandika mlangoni jina lake peke yake.

Ikaja vita kati ya Makaburu na Waingereza, tangu mwaka wa 1899 mpaka 1902. Waingereza walichoma mashamba, wakawafunga wanawake na watoto katika kambi. Katika kambi za Makaburu walikufa watu wapatao 28,000, na wengi wao walikuwa watoto. Maelfu ya Waafrika walikufa pia katika kambi zao, wala hawakuhesabiwa vizuri. Baada ya vita Waingereza walitaka watoto wote wa Makaburu wafundishwe kwa Kiingereza. Hapo lugha ikawa kidonda. Kila neno la Kiafrikana lilikuwa kama kusema, "Hatujafa."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1914 Kiafrikana kiliruhusiwa shuleni. Mwaka wa 1925 Bunge lilikubali kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka wa 1933 Biblia nzima ilichapwa kwa Kiafrikana. Katika miaka hamsini na minane tu, lugha ya jikoni ilipanda mimbari ya kanisa na kiti cha Bunge.

Aliyeonewa aonea

Mwaka wa 1948 Chama cha Kitaifa cha Makaburu kilishinda uchaguzi ambao Waafrika karibu wote hawakuruhusiwa kupiga kura. Siasa yake iliitwa apartheid. Neno hilo ni la Kiafrikana, na maana yake ni "hali ya kutengana". Mwaka wa 1950 zilipitishwa sheria za kumwandika kila mtu kwa rangi yake, na kuwapangia watu mahali pa kukaa kwa rangi zao.

Sasa angalia jambo hili vizuri. Huko Rasi walikuwako maelfu ya watu waliozaliwa na kizazi cha watumwa na Wakhoi. Serikali iliwaita "Watu wa Rangi". Lugha yao ya mama ilikuwa Kiafrikana. Kama serikali ile ingalipenda lugha kweli, ingaliwapenda wenye lugha. Lakini mwaka wa 1956 iliwaondoa watu hao katika orodha ya wapiga kura wa kawaida. Mwaka wa 1966 ilitangaza kwamba mtaa wa Cape Town uitwao District Six ni wa wazungu tu. Watu wapatao 60,000 walihamishwa, na nyumba zao zikabomolewa. Wengi wao walifukuzwa kwa lugha yao wenyewe.

Kisha ikaja zamu ya watoto. Mwaka wa 1974 serikali iliamuru kwamba katika shule za Waafrika, hesabu na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikana. Waalimu wengi wenyewe hawakukijua vizuri. Wewe unayejifunza kusoma ukubwani unajua ugumu wa kuelewa hesabu hata katika lugha yako. Fikiri kuifundishwa katika lugha usiyoijua, na tena lugha ya askari anayekuja usiku kumkamata baba yako kwa sababu hana pasi.

Tarehe 16 Juni, 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, karibu na Johannesburg, waliandamana kupinga amri hiyo. Walikuwa na sare za shule na mabango. Polisi waliwapiga risasi. Mmoja wa waliokufa alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Machafuko yalienea nchi nzima, na tume ya serikali yenyewe ilihesabu watu zaidi ya 500 waliokufa mpaka mwezi wa Februari, 1977. Amri ya lugha iliondolewa Julai, 1976, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Vijana wengi walikimbia nchi, na wengine walifika Tanzania. Serikali ya Tanzania ilitoa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na chama cha ANC kikajenga shule hapo. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyekimbia mwaka wa 1976, akarudi kwao kupigana, akakamatwa, akanyongwa Pretoria akiwa na miaka 22. Alinyongwa tarehe 6 Aprili, 1979. Rudi nyuma uitazame tena tarehe ya kufika kwa van Riebeeck. Ni siku ile ile ya mwaka, baada ya miaka 327.

Wenyewe ni nani?

Basi, je, tuseme lugha hii ina damu mikononi? Lugha haina mikono. Wenye mikono ni watu. Lakini mtoto aliyepigwa kwa fimbo haipendi fimbo, na hakuna haki ya kumlazimisha aipende. Ndiyo maana nchi ya Namibia, iliyotawaliwa na Afrika ya Kusini, ilipopata uhuru mwaka wa 1990 ilikiondoa Kiafrikana katika daraja ya lugha rasmi, ingawa watu wake wengi walikijua.

Hata hivyo wako waliokataa kuwaachia wabaguzi lugha hii. Adam Small, mshairi wa Rasi, aliandika kwa Kiafrikana cha watu wa mitaani, kile cha wajukuu wa watumwa. Breyten Breytenbach, mshairi mzungu, alifungwa kuanzia mwaka wa 1975 mpaka 1982 kwa kuipinga serikali. Nelson Mandela alijifunza Kiafrikana akiwa kifungoni, akawa anazungumza na walinzi wake kwa lugha yao. Wenzake wengine hawakupendezwa, lakini yeye alitaka kumjua mtu aliyekuwa akishindana naye. Na tarehe 24 Mei, 1994, alipohutubia Bunge akiwa Rais, alisoma shairi la Ingrid Jonker, mwanamke mzungu aliyetunga kwa Kiafrikana juu ya mtoto Mwafrika aliyeuawa na askari.

Katiba ya mwaka wa 1996 iliweka lugha rasmi 11, na Kiafrikana ni mojawapo. Mwaka wa 2023 ikaongezwa lugha ya ishara ya viziwi, zikawa 12. Ubishi haujakwisha. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Stellenbosch hakikukosa kukipa Kiingereza nafasi ya kwanza. Wako waliolia, na wako waliofurahi.

Lakini shika hesabu hii moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2011, watu karibu milioni 7 wa Afrika ya Kusini walisema kwamba Kiafrikana ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wazungu. Wajukuu wa jikoni ni wengi kuliko wajukuu wa sebuleni.

Basi tumemaliza kupepeta. Pumba ni kusema kwamba Kiafrikana ni mali ya wazungu peke yao. Mchele ni huu: kilifanywa na watu wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa watumwa, kikadharauliwa, kikatetewa, kisha wale waliokitetea wakakitumia kuwadharau wengine. Walisahau uchungu wao wenyewe upesi sana.

Nawe msomaji, kabla ya kufunga kitabu, andika sentensi moja ya Kiafrikana. Futa nie mbili katika ule mfano wetu wa kwanza, uweke ek mahali pa hy. Itabaki hivi: Ek kan lees. Maana yake ni "Naweza kusoma." Isome kwa sauti. Hakuna mtu aliyekulazimisha, na kwa sababu hiyo ni nyepesi kinywani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu wa Rasi hawakusema Kiholanzi sawasawa na watu wa Uholanzi?
2. Taja maneno mawili ya Kiafrikana yasiyotoka Ulaya, na useme yametoka kwa nani.
3. Watu wa Paarl walifanya jambo gani jema, na walikosa nini?
4. Je, wewe ulipata kuchekwa kwa sababu ya namna unavyosema? Waeleze wenzako ilivyokuwa.
5. Wanafunzi wa Soweto walikataa lugha, au walikataa kulazimishwa? Toa sababu zako.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.